Chura wa Frogger tangu 1981: tuonyeshe matoleo gani manne, na mbona wetu anaruka kombo?

WinamGemu (Kisumu)

Habari zenu wadau. Tunaandaa meza ya gemu za zamani kwenye ukumbi wa vijana hapa Kisumu, na tunaanza na chura wa Frogger, gemu ya kumvusha chura barabara na mto hadi nyumbani. Tunataka mtu akitembea kutoka skrini ya kwanza hadi ya mwisho aone jinsi mnyama huyu alivyobadilika tangu 1981. Nafasi ni ya skrini nne tu. Tuweke matoleo gani, tuache yapi?

Pili ni ufundi. Skrini ya kwanza inaendeshwa na Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya bodi moja) yenye MAME (programu inayoigiza mashine za gemu za zamani), monita ya ofisi ya inchi 19 (1280 kwa 1024), joistiki ya bei nafuu na ile bodi ndogo ya USB inayoiunganisha na Pi. Ukisukuma juu, wakati mwingine chura anaruka kando na kuingia chini ya gari. Wakati mwingine anaruka mbele halafu anarudi nyuma mwenyewe. Waya tumebadilisha zote, shida iko pale pale. Picha nayo imekaa katikati, kushoto na kulia ni giza tupu.

La mwisho: watoto wanavuka barabara vizuri, lakini mtoni wanaisha wote. Kuna namna ya kuwaelekeza bila kushika fimbo kwa niaba yao?

---

FundiSwichi_Nax (Nakuru)

Mkuu, waya hazina kosa. Hayo ni magonjwa mawili, na kila moja lina dawa yake.

La kuruka kando linatokana na joistiki kufungwa kwa njia nane. Frogger ya 1981 ni ya njia nne: juu, chini, kushoto, kulia, basi. Mkono wa mtu mwenye haraka hausukumi wima kabisa, fimbo inaingia kwenye kona, swichi mbili zinabonyezwa kwa pamoja na gemu inabaki na kazi ya kuchagua moja. Ikichagua ya kando, umekwisha.

Ipindue joistiki uitazame kwa chini. Kuna sahani ya plastiki yenye tundu la mraba ambamo fimbo inacheza. Kwenye zile za muundo wa Sanwa JLF na nakala zake nyingi, sahani inatoka ukibana vishikizo vya pembeni. Zungusha kipande cha ndani nyuzi 45, kirudishe. Kona za tundu zikitazama juu, chini, kushoto na kulia, uko kwenye njia nne. Zikitazama pembe za sanduku, bado ni njia nane. Kama yako haina sahani ya kuzungusha, nunua nyingine inayozungushwa. Kuna wanaotegemea mpangilio wa joystick_map ndani ya MAME peke yake. Unasaidia, na ukiachwa kwenye auto unatambua gemu za njia nne, lakini kidole hakihisi chochote. Sahani ikiwa sawa, fimbo yenyewe inakataa kwenda kombo, na mtoto anajifunza kwa mkono.

La kurudi nyuma ni la spring. Frogger haijali umeshikilia fimbo muda gani. Inahesabu misukumo: msukumo mmoja, mruko mmoja, kisha fimbo irudi katikati ndipo usukume tena. Spring ikilegea, ukiachilia ghafla fimbo inapita katikati na kugusa swichi ya upande wa pili. Gemu inaona umesukuma chini. Hakikisha kabla ya kununua chochote: kwenye Pi fungua terminali, weka kifurushi kinachoitwa joystick, kisha andika

jstest /dev/input/js0

Bodi nyingi za USB za bei hiyo huonyesha juu kuwa -32767 na chini kuwa 32767. Sukuma juu, achilia ghafla. Namba ikitoka -32767 ikarudi 0 moja kwa moja, spring ni nzima. Ukiona 32767 imemulika kabla ya 0, weka spring ngumu zaidi. Kuna dalili ya tatu ambayo hukuitaja lakini itakuja tu baada ya watoto mia kupita: chura kuruka mara mbili mbele kwa msukumo mmoja. Hapo swichi imechoka, au kile kibati cha waya kimelegea na kinagusa na kuachia. Kibane kwa koleo kwanza. Ikiendelea, badilisha swichi hiyo moja, si joistiki nzima.

Skrini sasa. Mashine ya awali ilikuwa na skrini iliyosimama wima. Picha ina nukta 224 kwa upana na 256 kwa kimo, ikionyeshwa kwa umbo la 3 kwa 4. Monita yako ikilala kama kawaida, picha sahihi ni 768 kwa 1024, hicho ndicho chanzo cha giza unaloliona. Usiivute ijaze upana! Chura atakuwa bapa na magari yatanenepa. Isimamishe monita wima. Hapo unapata 960 kwa 1280, kimo kinajaa chote na upana unabakiza nukta 32 tu kila upande. Hesabu ya kimo inaingia sawasawa pia, 256 mara 5 ni 1280, kwa hiyo mistari haipotezi umbo. Eneo la picha linaongezeka zaidi ya mara moja na nusu kwa monita ile ile.

Kwenye mame.ini, faili la mipangilio ya MAME, weka autoror 1 ili picha nayo igeuzwe. Picha ikitokea kichwa chini, irudishe 0 na uweke autorol 1. Kabla ya kukaza skrubu za monita, angalia matundu ya uingizaji hewa yametazama wapi. Ukiyaziba kwa plaiwudi, ndani ya saa chache itapata joto na kuanza kuzimika.

---

Mwalimu_Pikseli (Kakamega)

Nijibu la matoleo, maana hapo ndipo maonyesho mengi ya aina hii hukosea. Wanapanga kwa uzuri wa picha: nukta chache, nukta nyingi, kisha picha za pande tatu. Mgeni anatoka amejifunza kwamba kompyuta zimekuwa na nguvu, jambo alilolijua kabla hajaingia. Kwa chura huyu angalia miguu. Tangu mwanzo tabia yake yote imo katika kanuni moja aliyoieleza Fundi hapo juu: msukumo mmoja, mraba mmoja. Fuata kanuni hiyo uone nani aliilinda na nani aliiacha.

Skrini ya kwanza ni Konami, 1981, na huko Marekani mashine zilisambazwa na Sega/Gremlin. Ndani kuna prosesa mbili za Z80, moja ya kuendesha gemu, nyingine ya sauti ikishirikiana na chipu ya AY-3-8910. Hana jina zaidi ya Frogger, hasemi, hana silaha, hapigi mtu. Wakati mashujaa wengi wa gemu za miaka hiyo walikuwa wanafyatua risasi, huyu anavuka tu. Leni tano za magari, ukingo wa katikati, safu tano za mto, kisha makao matano juu. Wageni wako watashangaa kwamba chura anakufa akigusa maji. Weka maandishi madogo kando ya skrini: mtoni hapa haogelei, anasafiri juu ya migongo ya kobe na magogo.

1982 Parker Brothers waliileta nyumbani kwenye Atari 2600, kazi ya Ed English, na hata kwenye mashine ile dhaifu kanuni ya mruko ilibaki. 1984 kampuni hiyo hiyo ikatoa Frogger II: ThreeeDeep!, ambamo chura anapita chini ya maji, juu ya maji, kisha angani. Hapo ndipo safari yake ilipoanza kwenda juu na chini badala ya kuvuka tu. Haya mawili yatoshe kwenye bango, hayahitaji skrini.

Skrini ya pili: 1997, PlayStation na kompyuta, toleo la Hasbro Interactive lililotengenezwa na studio ya Cambridge ya Sony, ambayo kabla ya hapo ilikuwa Millennium Interactive. Hili ndilo wengi wa umri wa miaka thelathini na kitu hapa kwetu wanalikumbuka, kwa sababu diski zake zilikuwepo kwenye vibanda vya gemu. Picha ni za pande tatu, lakini ukitazama miguu, bado anaruka mraba kwa mraba. Walichoongeza ni mruko mkubwa, ulimi, mlio wa chura, na kamera unayoweza kuizungusha. Badala ya makao matano unatafuta vyura wadogo watano wa rangi mbalimbali waliotawanyika. Ugumu wake umo kwenye kamera: ukiizungusha, juu ya joistiki si juu ya ramani tena, na vidole vinachanganyikiwa. Waambie watoto waiache ilivyo hadi wazoee.

Kituo kidogo cha kuweka kwenye bango: 1998 Majesco walitoa Frogger kwa Super Nintendo na kwa Genesis ya Sega, na katika soko la Amerika Kaskazini hizo ndizo gemu rasmi za mwisho za mashine zote mbili. Chura alizifungia milango mashine mbili zilizokuwa zikishindana.

Skrini ya tatu ningeweka Frogger: The Great Quest ya 2001, PlayStation 2. Amesimama kwa miguu miwili, amevaa nguo, anatafuta binti mfalme, anatembea huru upande wowote na ana kipimo cha uhai. Miraba haipo. Ni mtu mwenye sura ya chura. Gemu ilipokelewa vibaya, na ukiicheza mara tu baada ya ile ya 1981 unaelewa sababu bila kuelezwa.

Ya nne: Frogger in Toy Town, 2019, ya Q-Games kwenye Apple Arcade (huduma ya gemu ya Apple), ikiwa mna iPad ya kuazima. Mruko umerudi, vitu vya kuvuka sasa ni vya kuchezea vya nyumbani. Mkikosa iPad, simu yoyote yenye Crossy Road ya 2014 inafaa. Hiyo si Frogger na shujaa wake wa kwanza ni kuku, imetengenezwa na Hipster Whale wa Australia, lakini imejengwa juu ya kanuni ile ile, na badala ya makao matano haina mwisho. Inaonyesha kwamba kanuni iliweza kuishi hata chura mwenyewe alipoondolewa.

---

Nyar_Dunga (Kisumu)

Mwalimu nakuheshimu, lakini The Great Quest kuipa skrini nzima kati ya nne ni kupoteza kiti. Mtoto atakaa pale dakika kumi akitembea tu. Weka Frogger 2: Swampy's Revenge ya 2000, kazi ya Blitz Games, PlayStation, Dreamcast na kompyuta. Ina adui mwenye jina, mamba Swampy, na ina Lillie, chura jike unayeweza kumwendesha mwenyewe. Lillie ni muhimu kwa meza hii: 1981 chura jike alikuwa mzigo wa kubebwa kwa pointi 200, 2000 anaruka mwenyewe. Hayo ni mabadiliko makubwa kuliko nguo za yule wa 2001. Na miraba ipo.

Sasa mto. Waelekeze hivi, kwa maneno machache, kabla hawajagusa fimbo.

Kobe wote wanakwenda kushoto. Magogo yote yanakwenda kulia. Kutoka ukingo wa katikati kwenda juu, safu ni kobe, magogo mafupi, magogo marefu, kobe, kisha magogo tena. Yaani mara tatu unabebwa kulia na mara mbili kushoto. Kosa la watoto wote ni kungoja. Wakifika juu ya gogo wanaona wamepona, wanapumua, na gogo linawabeba hadi pembeni. Ukitoka nje ya skrini umekufa. Mtoto wa hapa ziwani hahitaji maelezo marefu, mwambie gogo ni kama kisiwa cha gugumaji kikisukumwa na upepo: ukisimama juu yake bado unasafiri.

Kwa hiyo uamuzi unafanywa ukingoni, si mtoni. Asimame kwenye ukingo wa katikati, atazame safu mbili za kwanza tu, na asiruke hadi aone kobe na gogo fupi linalokuja kukutana nao. Kisha miruko miwili mfululizo. Katika hatua ya kwanza ya gemu ukingo ni salama, nyoka huja hatua za baadaye.

Si kobe wote wa kuaminika. Kuna kundi linalozama. Kabla ya kuzama miili yao inapungua, na mtoto akishaonyeshwa mara moja hasahau. Akiona kupungua, aruke mbele hata kama si mahali alipotaka.

Juu kabisa, kati ya nyumba na nyumba kuna ukuta wa majani. Ukiugusa umekufa. Nyumba iliyokwisha kujaa nayo inaua. Ya kushoto kabisa ndiyo ngumu, kwa sababu safu ya mwisho inasukuma kulia na una nafasi ndogo sana gogo linapotokeza. Mchezaji mzuri anaijaza mapema akiwa na vyura wa kutosha. Kuanzia hatua ya pili mambo yanaongezeka: kichwa cha mamba kinachungulia ndani ya nyumba, mamba wanaelea katikati ya magogo (mgongoni unaweza kupanda, mdomoni la), na fisi maji wanatokea.

Pointi nazo watu huzisoma vibaya. Hatua ya mbele ni 10. Kufika nyumbani ni 50. Lakini kila nusu sekunde iliyobaki kati ya zile sekunde 30 anazopewa kila chura ni 10 pia, kwa hiyo ukifika na sekunde 15 mkononi unapata 300 za muda, mara sita ya zile za kufika. Nzi ni 200, chura jike ni 200. Hizo 200 ni sawa na sekunde 10. Ukimsubiri chura jike zaidi ya sekunde 10, umepata hasara hata ukimfikisha. Nyumba zote tano zikijaa ni 1,000, na ukifika 20,000 unaongezewa chura mmoja, hakuna mwingine.

Kwa watoto, bonyeza Tab ndani ya MAME, ingia kwenye DIP Switches, weka vyura (maisha) 5 au 7 badala ya 3. Hiyo si kudanganya, mwenye mashine ya awali alikuwa na swichi hizo hizo kwenye bodi.

---

WinamGemu (Kisumu)

Asanteni sana. Fundi, jstest imeonyesha 32767 ikimulika, kwa hiyo ni spring kama ulivyosema, na sahani ilikuwa njia nane. Monita imesimama wima sasa na picha imejaa.

Mawili yamebaki. Stima ikikatika ghafla, memori kadi ya Pi itapona? Na tunataka ubao wa alama za juu ubaki kwa siku zote tatu. Kwa sasa tukizima tu, alama zote zinafutika.

---

FundiSwichi_Nax (Nakuru)

Kadi inaharibika pale stima inapokatika Pi ikiwa katikati ya kuandika. Andika sudo raspi-config, nenda Performance Options, washa Overlay File System. Kuanzia hapo kadi inasomwa tu, maandishi yote yanakaa kwenye RAM, kumbukumbu inayofutika ukizima. Maliza mipangilio yote kwanza, kwa sababu ukishaiwasha, chochote utakachobadilisha kinapotea ukiwasha upya.

Tumia chaja ya kweli ya volti 5.1 na ampea 3, si ya simu. Ukiona alama ya radi kwenye kona ya skrini, umeme hautoshi, na gemu itaanza kukwama sauti ikikatika katika hatua zenye magari mengi.

---

Mwalimu_Pikseli (Kakamega)

Hapo Fundi niongezee, maana mambo hayo mawili yanagongana. Alama kufutika si hitilafu, mashine ya 1981 nayo haikuwa na betri ya kuzitunza, ukizima zinaondoka. Kwenye MAME kuna plagini (programu ndogo ya nyongeza) ya hiscore inayohifadhi alama. Fungua plugin.ini, weka hiscore 1, na katika mame.ini hakikisha plugins ni 1. Lakini ukiwasha Overlay, faili la alama linaandikwa kwenye RAM, stima ikikatika limekwenda pamoja na kila kitu.

Suluhisho ni kuweka folda ya alama kwenye flashi ya USB iliyounganishwa kupitia fstab (faili linaloiambia Pi diski zipi iziunganishe inapowaka) kabla hujawasha Overlay, kadi kuu ibaki imefungwa. Flashi ikiharibika unapoteza alama tu, mashine inawaka kama kawaida. Hata hivyo usiiamini peke yake. Kila jioni piga picha ya ubao kwa simu.

Na muwe tayari kwa mchezaji hodari: skrini ina nafasi ya tarakimu tano. Ya juu kabisa inayoweza kuandikwa ni 99,990, akiipita inaanza tena kutoka sifuri, na ubao utamhesabu kama mtu wa mwisho. Mtu akikaribia 90,000, msimamizi asimame hapo na kalamu.

Kuhusu skrini ya tatu, nakubaliana na Nyar Dunga kwa sababu ya Lillie. The Great Quest iende kwenye bango kwa picha moja kubwa, chura akiwa amesimama wima amevaa nguo zake.

---

Nyar_Dunga (Kisumu)

Shukrani Mwalimu. WinamGemu, moja tu kuhusu faili la gemu yenyewe: kama ukumbi unataka kukaa salama kisheria, Frogger ya 1981 inauzwa rasmi katika mfululizo wa Arcade Archives kwa PlayStation 4 na Switch, na ndani yake unaweza kugeuza picha wima vile vile. Mkiwa na PS4 ya kuazima, tumieni hiyo skrini ya kwanza, na Pi ibaki akiba. Jaribuni joistiki yenu kwenye PS4 mapema, bodi nyingi za USB za bei nafuu hazitambuliki huko bila kiunganishi cha kati. Kwa padi ya kawaida waambie watoto watumie vitufe vya mishale, si kile kijiti cha analogi, la sivyo ugonjwa wa kuruka kombo utarudi.